Jedwali la mistari milioni 10 linakula MB ngapi? Piga hesabu hivi

Wengi wakitaka kujua jedwali la hifadhidata litachukua nafasi kiasi gani, huzidisha ukubwa wa data kwa idadi ya mistari, basi. Baadaye diski inajaa mapema, na mfumo wa malipo unagoma kupokea muamala mpya wakati wateja wako foleni.

Chukua mfano wa jedwali la miamala kwenye PostgreSQL, lenye safu nne: namba ya muamala, namba ya mteja, kiasi na wakati. Kila safu ni baiti 8, jumla 32. Kwa mistari milioni 10, hesabu ya haraka haraka inaleta kama MB 305.

Kumbe mstari hauhifadhiwi mtupu. Kila mmoja unabeba kichwa cha baiti 24 na kielekezi cha baiti 4, hivyo 32 zinakuwa 60. Data yenyewe hupangwa kwenye kurasa za baiti 8,192, na baiti 24 za mwanzo ni za ukurasa wenyewe. Zinabaki 8,168. Gawanya kwa 60: mistari 136 kwa ukurasa. Milioni 10 zinataka kurasa 73,530, yaani MB 574.

Hapo indeksi bado, na ndizo zinazosahaulika zaidi. Indeksi ya kawaida, B-tree, kwenye safu ya baiti 8 inatumia baiti 20 kwa kila mstari: 8 za data, 8 za kichwa, 4 za kielekezi. Ikijengwa upya, kurasa zake hujazwa asilimia 90 tu ili ibaki nafasi ya kuongeza. Zinaingia 366 kwa ukurasa, na indeksi moja inafika MB 214.

Weka indeksi kwenye namba ya muamala, mteja na wakati: MB 642. Zimelipita jedwali lenyewe! Jumla ni MB 1,216, karibu mara nne ya makadirio ya mwanzo. Afadhali kidogo kwamba tangu toleo la 13 thamani zinazojirudia hubanwa, kwa hiyo indeksi ya mteja inaweza kupungua.

Mpangilio wa safu nao una gharama. Safu ya ndiyo/hapana ni baiti 1, lakini ikikaa kabla ya safu ya baiti 8, baiti hadi 7 zinapotea bure. Kwa maandishi, varchar(255) haitengi baiti 255, na namba ya simu ya tarakimu 10 inachukua 11 tu.

Kubadilisha mstari pia huandika nakala mpya, na ya zamani inabaki hadi VACUUM ipite. Jedwali linalobadilishwa sana litavuka makadirio haya.

Ukishaingiza mistari laki moja ya majaribio, pima kwa pg_total_relation_size, kisha zidisha kwa 100.