Peku Sio Sifa: Historia ya Kiatu Chepesi na Wakimbiaji wa Mbulu Wasiotajwa

Kuna kauli moja watu wa mjini wanaipenda sana: "Wale wa Mbulu hawahitaji viatu bwana, wamezoea peku." Utaisikia kwenye daladala, utaisikia kwenye kibanda cha mpira, na ikipostiwa picha ya mwanafunzi anakimbia bila kiatu, komenti ya kwanza ni hiyo hiyo. Inasikika kama sifa. Lakini ukifuatilia historia ya viatu vya mbio, utaona hiyo sifa imewagharimu watu wengi ambao hata majina yao hatuyajui.

Twende taratibu.

Wenye majina

Ukigusa Mbulu na Hanang kwenye riadha, unagusa watu wazito. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, ndiye yule wa Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 20, 1968. Alianguka njiani, goti likaumia vibaya, akafungwa bendeji na akaendelea. Walianza wakimbiaji 75, wakamaliza 57, na yeye ndiye alikuwa wa 57. Aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Wengi wanamkumbuka kwa kumaliza wa mwisho. Wanasahau kwamba mwaka 1970 kule Edinburgh alishika nafasi ya 5 kwenye marathoni ya Jumuiya ya Madola.

Akaja Gidamis Shahanga wa Katesh, pale chini ya Mlima Hanang. Mwaka 1978 alichukua dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, Kanada, akiwa kijana mdogo tu. Na Desemba 2022, Gabriel Geay akakimbia Valencia kwa saa 2:03:00, rekodi ya taifa.

Hao wanajulikana. Nyuma yao kuna msururu wa watoto wa shule waliokimbia UMITASHUMTA na UMISETA pekupeku. Wengine walifika na katambuga, zile za tairi la gari, wakazivua kwenye mstari wa kuanzia. Kwa nini wazivue? Kwa sababu katambuga ni chuma. Mwiba haupiti, na miaka inakatika ukiwa nayo. Ila ni nzito, haikunji vizuri na kisigino kinacheza. Hakuna anayetaka kushindana akiwa amebeba tairi mguuni.

Kwa hiyo yule mtoto alikuwa anachagua kiatu chepesi kama mwanariadha yeyote wa Ulaya. Tofauti ni kwamba mbele yake kulikuwa na vitu viwili tu: tairi na ngozi yake mwenyewe.

Roma ikamchanganya kila mtu

Hii hadithi ya peku ilipata nguvu mwaka 1960. Abebe Bikila wa Ethiopia alikwenda Olimpiki ya Roma, viatu alivyopewa havikumkaa vizuri, akaamua kukimbia bila kiatu kama alivyokuwa akifanya mazoezini. Akashinda kwa saa 2:15:16. Dunia ikashangaa, na tangu hapo Mwafrika akikimbia peku watu wanaona kama ana siri fulani.

Sasa sehemu ambayo haisimuliwi sana ni hii. Mwaka 1964, Olimpiki ya Tokyo, Bikila huyo huyo alikimbia na viatu vyepesi na soksi. Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo wiki chache tu kabla. Akashinda kwa saa 2:12:11, dakika 3 pungufu ya muda wake wa Roma. Barabara ni tofauti, hali ya hewa ni tofauti, sawa. Lakini bingwa wa peku, alipopata kiatu kinachomkaa, alikivaa. Hakurudi peku ili kulinda sifa.

Wataalamu wakapima

Mantiki ya zamani ilikuwa rahisi: kiatu kizito kinakula nguvu. Na ni kweli. Vipimo vimeonyesha kwamba ukiongeza gramu 100 kwenye kila mguu, mwili unatumia nguvu zaidi kwa takribani asilimia 1. Asilimia 1 ya mtu wa saa 2 na dakika 10 sio kitu cha kuchezea. Ukienda na hesabu hiyo peke yake, mguu mtupu ungeshinda kila kitu, maana wenyewe una gramu 0.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, waliwapima watu waliozoea kabisa kukimbia peku. Waliwafunga vipande vya risasi miguuni ili uzito ulingane na wa wenye viatu. Matokeo: uzito ukiwa sawa, mwenye kiatu chepesi alitumia nguvu pungufu kwa asilimia 3 hadi 4. Sababu ni kwamba bila povu la soli, misuli ya mguu ndiyo inafanya kazi ya kupokea kishindo, na kazi hiyo inakula pumzi. Yaani unachookoa kwenye uzito unakilipa kwenye misuli.

Na hao walikuwa wamezoea. Kuzoea hakukuwafutia gharama.

Kampuni za viatu zilishaiona hiyo hesabu. Mwaka 2017 Nike walitoa Vaporfly yenye povu nene jepesi na bamba la kaboni ndani, na vipimo vya maabara vilionyesha inaokoa nguvu kwa wastani wa asilimia 4 ukilinganisha na viatu vingine vya mashindano. Mbio zikageuka vita ya soli, mpaka mwaka 2020 World Athletics wakaweka mpaka: soli ya barabarani isizidi milimita 40, bamba liwe moja tu. Mwaka 2023 Adidas wakaleta kiatu cha gramu 138, bei dola 500. Hiyo ni zaidi ya milioni moja ya Kitanzania. Tigst Assefa wa Ethiopia alikivaa Berlin, akavunja rekodi ya dunia ya wanawake kwa saa 2:11:53.

Turudi mnadani

Kijana wa Dongobesh au Katesh anayetaka kukimbia marathoni leo, duka lake la kwanza ni mtumba wa mnadani. Historia yote hii inamsaidia kuchagua.

Kwanza, asikimbilie jina wala rangi. Povu linakufa. Kiatu kinaweza kuwa chepesi na kinang'aa, lakini ukibonyeza soli kwa kidole gumba haibonyei wala hairudi, na pembeni ina makunyanzi. Hicho ni kizigo.

Pili, kiache nafasi mbele ya vidole. Kwenye kilomita 42 mguu unavimba, na kiatu kinachobana kitaondoka na kucha.

Tatu, siku ya mashindano sio siku ya kujaribu kiatu. Kipelekwe kwenye mazoezi marefu kwanza.

Nne, kama hela inatosha pea moja tu, bora yenye soli hai na nzito kidogo kuliko nyepesi iliyokufa.

Bado hesabu ya hela iko pale pale. Raba ya mazoezi inadumu kilomita mia kadhaa. Anayekimbia kilomita 160 kwa wiki anaimaliza ndani ya mwezi mmoja au miwili. Mtoto wa mkulima wa vitunguu atainunua na nini kila mwezi? Hapo ndipo wengi wanaishia. Hawaonekani kwenye picha yoyote, na sisi tunabaki tunasema "wamezoea".

Kumsifia mtoto kwa kukimbia peku ni bure. Raba inauzwa. Labda ndiyo maana sifa zimekuwa nyingi kuliko raba.

Je, shuleni kwenu kulikuwa na yule aliyekuwa anawaacha wote, halafu hakusikika tena? Andika kwenye komenti alikimbia mbio gani, na miguuni alikuwa na nini.