Sahihi Ilitangulia Mazungumzo

Mwaka 1908 Mary Schloendorff alilazwa New York Hospital akisumbuliwa na tumbo. Madaktari wakagundua uvimbe. Alikubali kulazwa usingizi kwa etha ili wamchunguze, lakini aliwaambia waziwazi kwamba kupasuliwa hataki. Alipozinduka, uvimbe ulikuwa umekwisha kutolewa. Kisha mkono ukaoza, akakatwa baadhi ya vidole. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1914 akashindwa, kwa kuwa hospitali ile ilikuwa ya hisani na hivyo haikuwajibika kwa makosa ya madaktari. Ila katika hukumu hiyohiyo Jaji Benjamin Cardozo aliandika kuwa mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye kauli juu ya mwili wake.

Tukifuata nyayo za kauli hiyo tunafika Nuremberg, ambako mwaka 1947 mahakama iliyowahukumu madaktari wa Kinazi ilitanguliza ridhaa ya hiari mbele ya masharti yote ya kufanya majaribio kwa binadamu. Lakini wakati huo huko Alabama, tangu 1932, mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende walikuwa wakipimwa na kuachwa bila tiba. Siri hiyo ilifichuka 1972.

Katika jopo lililoundwa kuichunguza alikuwemo Jay Katz, Myahudi aliyezaliwa Zwickau, Ujerumani, mwaka 1922, akawakimbia Wanazi angali kijana. Alisomea udaktari Harvard, akabobea katika magonjwa ya akili, kisha akafundisha wanasheria katika Chuo Kikuu cha Yale.

Mwaka 1984 alitoa kitabu chake, The Silent World of Doctor and Patient. Humo anasimulia mazungumzo yake na rafiki yake, daktari wa upasuaji. Walikubaliana kwamba hakuna aliyejua kwa hakika tiba ipi ya saratani ya matiti ni bora. Katz akamuuliza: mgonjwa utamwambiaje? Rafiki akajibu kwamba angemshauri akatwe titi. Wagonjwa, alisema, hawawezi kuhimili mashaka ya namna hiyo.

Hapo ndipo Katz aliposhika mzizi wa tatizo. Mahakama zilimpa mgonjwa haki ya kuambiwa, hospitali zikaitafsiri haki hiyo kuwa fomu ya kutia sahihi, na daktari akabaki na ukimya wake wa tangu enzi za Wagiriki. Katz alifariki 2008. Kipimo alichotuachia ni kigumu kuliko fomu yoyote: kabla mgonjwa hajaridhia, daktari awe amemweleza pia yale ambayo sayansi ya tiba yenyewe haijayajua.