Kutoka Kuomba Picha Hadi Pointi Moja: Jinsi Timu za Afrika Zilivyoacha Kuwaogopa Mastaa wa NBA

Julai 20, 2024, ukumbi wa O2, London. Ubao unasoma Sudan Kusini 100, Marekani 99. Zimebaki sekunde chache mno mechi iishe. Upande mmoja yupo LeBron James, yupo Stephen Curry, yupo Anthony Davis. Upande wa pili wapo vijana ambao nchi yao haikuwa na hata uwanja mmoja wa ndani wa mpira wa kikapu.

LeBron akachukua mpira, akapenya, akaweka kikapuni zikiwa zimebaki sekunde 8. Marekani 101, Sudan Kusini 100. Ikaisha hivyo.

Kampuni za kubeti zilikuwa zimeipa Marekani ushindi wa zaidi ya pointi 40. Badala yake walienda mapumziko wakiwa nyuma kwa pointi 14, na wakaponea tundu la sindano. Ni kweli ilikuwa mechi ya kirafiki, na ni kweli Marekani walishinda. Lakini ukitaka kujua ile pointi moja ina uzito gani, lazima urudi nyuma miaka mingi kidogo, enzi ambazo mastaa wa NBA hawakuruhusiwa hata kusogelea Olimpiki.

Enzi za "ridhaa"

Kikapu cha wanaume kiliingia Olimpiki rasmi mwaka 1936, Berlin. Walichezea nje, kwenye udongo, na siku ya fainali mvua ikanyesha. Marekani wakaifunga Kanada 19 kwa 8. Ndiyo, 19 kwa 8, mpira haudundi kwenye matope. Afrika ilikuwepo tangu siku hiyo ya kwanza, maana Misri walishiriki.

Sheria ya wakati ule ilisema Olimpiki ni ya wachezaji wa ridhaa, yaani wasiolipwa. Marekani wakawa wanapeleka wanafunzi wa vyuo. Wasovieti nao walipeleka watu wazima waliocheza pamoja miaka na miaka, kwenye karatasi wakiitwa wanajeshi au wafanyakazi wa kawaida, ila kazi yao ilikuwa kikapu tu asubuhi mpaka jioni.

Mwaka 1972 kule Munich, Wasovieti wakaichapa Marekani 51 kwa 50 kwenye fainali ambayo sekunde 3 za mwisho zilirudiwa. Wamarekani walikasirika mpaka wakagoma kuchukua medali za fedha. Mwaka 1988 pale Seoul wakapigwa tena na Wasovieti hao hao, 82 kwa 76, safari hii nusu fainali. Wakarudi nyumbani na shaba.

Hapa ndipo watu wengi wanakosea hadithi. Wanadhani Marekani ndiyo iliyokwenda kulia kwa wakubwa ili wapeleke mastaa wao. Hapana. Aprili 1989 shirikisho la dunia, FIBA, lilipiga kura Munich kuhusu kuwaruhusu wachezaji wa NBA. Waliokubali 56, waliokataa 13. Na Marekani walikuwa kwenye wale 13! Wasovieti pia walikataa.

Aliyesukuma jambo hili alikuwa katibu mkuu wa FIBA, Boris Stanković, mtu wa Yugoslavia. Hesabu yake ilikuwa rahisi: dunia haiwezi kukua kama haikutani na walio bora kabisa. Wengine walimwona kama mtu anayewafungulia mbwa mwitu zizi la kondoo. Na kwa miaka kadhaa, ilionekana hivyo hivyo.

Barcelona 1992: kondoo wa kwanza ni Angola

Ratiba haikuwa na huruma. Timu ya kwanza kukutana na kikosi cha Michael Jordan, Magic Johnson na Larry Bird kwenye Olimpiki ilikuwa Angola. Matokeo yakawa 116 kwa 48. Kuna kipindi Marekani walifunga pointi 46 na Angola wakapata 1. Hiyo pointi moja yenyewe ilitokana na faulo, pale Charles Barkley alipompiga kiwiko cha kifua kijana mmoja mwembamba wa Angola na dunia nzima ikaona.

Mwaka ule kila aliyekutana na Marekani alikuwa shabiki kwanza, mpinzani baadaye. Wachezaji wa timu pinzani waliomba picha na saini kwa watu waliokuwa wanakwenda kuwafunga. Marekani walishinda kila mechi kwa wastani wa karibu pointi 44, na fainali wakaifunga Croatia 117 kwa 85.

Lakini kuna kitu kwenye mashindano yale hakisemwi sana. Angola hao hao waliochekwa waliwachapa wenyeji, Hispania, 83 kwa 63, ndani ya nchi yao. Pointi 20! Na haikuwa bahati. Kuanzia 1989 hadi 2013 Angola walibeba ubingwa wa Afrika mara 11. Nchi ilikuwa vitani miaka mingi, ila klabu za Luanda ziliendelea kucheza, na wachezaji wengi wa timu ya taifa walitoka kwenye ligi ya nyumbani. Walikuwa wanajuana kama vidole vya mkono mmoja.

Dunia yajifunza

Hesabu ya Stanković ilichukua miaka kumi kuleta majibu. Mwaka 2002, Kombe la Dunia likiwa Indianapolis, nyumbani kwa Marekani kabisa, Argentina wakawa wa kwanza kuifunga timu ya mastaa wa NBA, 87 kwa 80. Marekani wakamaliza nafasi ya 6. Mwaka 2004 Athens, Puerto Rico wakawapa kipigo cha 92 kwa 73, halafu Argentina wakawatoa nusu fainali na kwenda kuchukua dhahabu.

Watoto waliokesha mbele ya TV mwaka 1992 walikuwa wamekua. Hawakutaka picha tena.

Sasa swali likawa, Afrika iko wapi?

Vipaji vyetu, jezi za wengine

Afrika haikuwahi kukosa watu. Hakeem Olajuwon alizaliwa Lagos, akachaguliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti ya NBA ya 1984, mwaka ule ule wa Jordan. Alipopata dhahabu ya Olimpiki mwaka 1996, alikuwa amevaa jezi ya Marekani.

Luol Deng alizaliwa Wau, sehemu ambayo leo ni Sudan Kusini. Familia ikakimbia vita hadi Misri, ambako Manute Bol, yule jitu wa Kidinka aliyecheza NBA, ndiye aliyewafundisha kikapu yeye na kaka zake. Baadaye wakahamia London. Olimpiki ya 2012 Deng aliichezea Uingereza. Nani wa kumlaumu? Nchi yake ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu izaliwe, Julai 9, 2011.

Nigeria walifika Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka huo huo wa 2012, wakakutana na Marekani, wakafungwa 156 kwa 73. Tofauti ya pointi 83. Mtu akikwambia Afrika imerudi kwenye kuomba picha, usingembishia.

Ila Nigeria hawakulala. Walianza kuwatafuta vijana wenye damu ya Kinigeria waliozaliwa au kukulia Marekani, mmoja mmoja. Julai 2021, Las Vegas, Nigeria wakaifunga Marekani 90 kwa 87 kwenye mechi ya maandalizi, wakiwa timu ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo. Tusidanganyane, kwenye Olimpiki yenyewe ya Tokyo walipoteza mechi zote 3. Kuita mastaa ni jambo moja, kuwajenga wawe timu ni jambo jingine. Dada zao wakaonyesha mfano: mwaka 2024 Paris, Nigeria ya wanawake ikawa timu ya kwanza ya kikapu kutoka Afrika, ya kike au ya kiume, kufika robo fainali ya Olimpiki.

Simu ya Luol Deng

Sudan Kusini walijiunga na FIBA mwishoni mwa 2013, wakati ule ule vita vya wenyewe kwa wenyewe vinalipuka. Kwa hiyo usitegemee mambo mengi miaka ya mwanzo.

Mwaka 2019 Deng alistaafu baada ya misimu 15 ya NBA, na mwaka huo huo akawa rais wa shirikisho la kikapu la nchi aliyozaliwa. Angeweza kukaa ofisini akakata utepe. Yeye alichukua simu akaanza kuwatafuta vijana wa Sudan Kusini waliotawanyika Marekani, Australia, Kenya, Uganda na kwingineko. Wengine walizaliwa kambini, wengine waliondoka wakiwa wamebebwa mgongoni. Akatoa pesa mfukoni mwake kulipia mambo ya timu. Kocha alipokosekana, akafundisha mwenyewe.

Mwaka 2021 wakacheza AfroBasket kwa mara ya kwanza, Kigali, wakafika robo fainali. Kombe la Dunia la 2023 wakaifunga China, wakaifunga Ufilipino mbele ya mashabiki wake, kisha Angola, 101 kwa 78. Ushindi huo wa mwisho ndio uliowapa tiketi ya Paris kama timu bora ya Afrika. Fikiria, walivuka daraja kwa kuwapita Angola, wale wale wa 1992.

Paris mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya Puerto Rico. Wamejipanga mstari, wanasubiri wimbo wao wa taifa kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, ukapigwa wimbo wa Sudan. Nchi ambayo wazee wao walipigana nayo miongo mizima ili wajitenge. Uwanja ukazomea, kisha ukapiga makofi mpaka wimbo sahihi ukapatikana. Wakaingia, wakashinda 90 kwa 79.

Baadaye walifungwa na Marekani 103 kwa 86, na Serbia nao wakawafunga. Wakatoka hatua ya makundi. Lakini hakuna aliyewapiga pointi 68 au 83, na hakuna aliyewacheka.

Na sisi je?

Hapa ndipo panapouma kidogo. Kenya waliandaa ubingwa wa Afrika mwaka 1993, wakamaliza wa 4. Baada ya hapo wakapotea miaka 28, hadi Februari 2021 walipowafunga Angola 74 kwa 73 kwa mtupo wa sekunde za mwisho wa kijana aliyekuwa anacheza kikapu cha kulipwa Denmark. Nairobi ilishangilia kweli kweli. Halafu?

Tanzania tulimpata Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3. Drafti ya NBA ya 2009 alichaguliwa wa pili. Wa 7 siku ile alikuwa nani? Stephen Curry, yule yule wa London. Yaani kuna siku moja dunia ilimwona Mtanzania mbele ya Curry. Ila timu ya taifa ya Tanzania haijawahi kugusa Kombe la Dunia wala Olimpiki, na hilo si kosa la mtu mmoja mrefu. Mchezaji mmoja hata awe nani hajengi timu peke yake.

Angola walijenga ligi. Nigeria walitafuta watoto wao ughaibuni. Sudan Kusini hawakuwa na ligi kubwa wala ukumbi, walikuwa na mtu mmoja aliyejua thamani ya kupiga simu, na vijana waliopokea. Njia ni tofauti, ila katika zote kuna mtu aliyeamua kufanya kazi kabla kamera hazijafika.

Vijana wenye damu ya Tanzania na Kenya wanaocheza vyuo vya Marekani, Ulaya na Australia wapo. Na wale wanaorusha mpira kwenye viwanja vya saruji vya Dar, Mwanza, Mombasa na Kisumu wapo pia.

Wewe ungekuwa na ile simu ya Deng leo, ungeanza na nani?