Chokaa, Boriti na Mvua: Historia ya Maji katika Nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, yaani mabaki ya viumbe wa baharini yaliyogandamana hata yakawa jiwe, na nyumba kongwe za Mji wa Kale, mtaa ulio upande wa mashariki wa kisiwa kati ya Ngome ya Yesu na bandari ya majahazi, zimejengwa kwa jiwe hilohilo. Jiwe hilo limejaa vitundu, nalo hunywa maji. Kwa hiyo historia ya uashi katika mtaa huu haitengeki na historia ya maji: ya mvua yashukayo kutoka juu, ya ardhini yapandayo kutoka chini, ya unyevu wa chumvi uletwao na upepo wa bahari, na yale ambayo wakaazi wenyewe huyamwaga ndani wanapooga, wanapofua na wanapotawadha. Mafundi wa kale walijua kwamba maji hayo hayafungiki nje, wakayatengenezea njia ya kutoka; na sehemu kubwa ya uharibifu unaoonekana leo ilianza pale njia hizo zilipozibwa, mara nyingi na watu waliodhani kwamba wanaikinga nyumba.

Mombasa hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikinyesha wakati wa masika, kati ya Machi na Juni, na Mei ndio mwezi wake mzito kuliko yote. Mvua za vuli hufuata mnamo Oktoba na Novemba. Masika huja pamoja na upepo wa kusi, ambao huyasukuma matone yakaupiga ukuta kwa mshazari, kwa hiyo ukuta wenye paa zima juu yake unaweza kulowa ubavuni. Kinyume chake, miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ni ya jua kali na mvua chache, nayo ndiyo iliyowapa waashi nafasi ya kukausha na kutengeneza kilicholowa. Nyumba ya mawe ilibuniwa ipatane na mzunguko huu wa kulowa na kukauka.

Mji haukuwa wa mawe tangu mwanzo. Ibn Battuta, msafiri wa Kimoroko aliyefika Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba misikiti ya mji ilijengwa kwa mbao na kwa ustadi mkubwa, na kwamba kwenye milango yake palikuwa na kisima kimoja au viwili vyenye kina cha dhiraa moja au mbili tu, dhiraa ikiwa ni kipimo cha kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Maji yalitekwa kwa chombo cha mbao chenye mpini, ardhi ya kuzunguka kisima na msikiti ilikuwa imesawazishwa, na aliyetaka kuingia aliosha miguu kisha akaipangusa kwenye mkeka mzito uliowekwa mlangoni. Maelezo hayo mafupi husomwa zaidi kama habari za ibada, lakini yanaonyesha pia mpangilio wa ujenzi: maji yalipewa mahali pake nje ya kizingiti, juu ya ardhi iliyosawazishwa, na mguu uliolowa haukuvuka mlango kabla ya kukaushwa.

Kufikia Agosti 1505, Wareno chini ya Francisco de Almeida walipoushambulia na kuuteka mji, hali ilikuwa imebadilika. Maelezo ya msafara ule yanataja nyumba za mawe zilizopakwa chokaa, nyingine zenye ghorofa tatu, njia nyembamba zenye mabaraza ya mawe mbele ya nyumba, na katikati yake vijumba vya mbao vilivyoezekwa makuti, ambavyo ndivyo vilivyoshika moto kwa urahisi. Baraza, yaani kitako cha mawe kinachoshikana na ukuta wa mbele, hujulikana zaidi kama mahali pa kupokelea wageni na kupigia soga, ilhali kwa upande wa ujenzi hukinga sehemu ya chini ya ukuta dhidi ya maji yanayotiririka njiani na matone yanayoruka kutoka ardhini, sehemu ambayo katika kila nyumba ya matumbawe ndiyo ya kwanza kuoza.

Ili kuelewa kinga hizo ni lazima kuangalia vifaa vyenyewe. Mawe yalikuwa ya aina mbili: mawe magumu yaliyochimbwa katika mwamba wa nchi kavu, yaliyotumika kwa kuta, na matumbawe laini yaliyokatwa baharini yakiwa mabichi na kuachwa yakauke na kukazana, yaliyofaa kwa nakshi, vidaka na mihirabu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma vipande vya matumbawe juu ya tanuu, yaani rundo kubwa la magogo lililopangwa wazi, kisha majivu meupe yakamwagiwa maji na kuachwa muda mrefu yapoe na kuiva. Chokaa hiyo ikichanganywa na mchanga na udongo mwekundu hushika polepole, kwa sababu hurudi kuwa jiwe kwa kuvuta hewa ya ukaa iliyomo angani. Lakini hata ikishakauka hubaki laini kuliko jiwe inaloliunganisha na yenye vitundu kama lenyewe, na tabia hizo mbili, ulaini na uwazi, ndizo zilizobeba siri ya uimara wa nyumba.

Sehemu iliyohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote ilikuwa dari ya juu. Nyumba kongwe hazikuwa na paa la mgongo. Zilifunikwa kwa boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa katika sehemu kama Lamu na delta ya Rufiji, iliyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na kwa kuwa boriti haikuweza kubeba mzigo mzito kwa urefu unaozidi mita 3 hivi, vyumba vyote vilikuwa vyembamba na virefu. Juu ya boriti zilipangwa bamba za mawe, na juu yake ukamwagwa mchanganyiko wa kokoto na chokaa uliopigwa kwa vipande vya miti kwa siku kadhaa mfululizo, kazi ya watu wengi iliyokwenda kwa mwendo wa nyimbo, mpaka sakafu ikashikana na kung'aa. Kupiga huko kulikuwa kinga yenyewe ya maji, kwani kulifunga nyufa ambazo chokaa huzifanya inapokauka. Sakafu ya juu iliinamishwa kidogo kuelekea kwenye milizamu, yaani mabomba ya mawe au ya mbao yaliyochomoza nje ya ukuta ili maji yaanguke mbali na msingi. Udhaifu wa mfumo huu ulikuwa kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani: mlizamu ukiziba kwa majani, au ufa mdogo ukitokea pembeni mwa sakafu, maji hujificha katika ncha hizo, mti ukaoza bila kuonekana, na mwenye nyumba hugundua pale dari inapopinda.

Kuta nazo zilikuwa na kinga yake. Maji ya ardhini hupanda ndani ya vitundu vya jiwe kama mafuta yanavyopanda utambi wa koroboi, yakibeba chumvi. Yakifika kwenye uso wa ukuta hukauka na kuiacha chumvi hiyo, ambayo huganda kuwa chembe zinazovimba na kuusukuma uso mpaka unamumunyuka na kuanguka kama unga. Waashi hawakuwa na namna ya kuizuia chumvi kupanda. Walichofanya ni kuufunika ukuta kwa lipu ya chokaa na juu yake maji ya chokaa yaliyopakwa upya mara kwa mara, hasa mvua zilipokwisha na sikukuu zilipokaribia, ili chumvi ile iharibu ganda la nje na kuliacha jiwe salama. Weupe wa nyumba za pwani, unaosifiwa kwa uzuri wake, ulikuwa pia ngozi ya kuchunika na kuvikwa tena.

Choo cha ndani kilihitaji ustadi wa pekee, kwa sababu hapo maji yalimwagwa kila siku. Katika nyumba za mawe za pwani kiliwekwa sehemu ya nyuma ya nyumba, kikiwa na birika, yaani tangi dogo la mawe lililosiribwa kwa chokaa laini. Hata Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati wa Milano, ilitegemea birika la kukusanyia maji ya mvua, maana maji ya visima vya kisiwa mara nyingi yalikuwa na chumvi.

Karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 zilileta mabadiliko makubwa. Wafanyabiashara wa Kihindi walijenga nyumba zenye roshani za mbao zinazoning'inia juu ya njia, na reli ya Uganda, iliyojengwa kuanzia 1896 hadi 1901, iliifungua Mombasa kwa mabati na vifaa vingine vya viwandani. Vigae vyekundu kutoka Mangalore, katika pwani ya magharibi ya India, navyo vilienea. Dari nyingi bapa zilifunikwa kwa paa la mgongo, na kwa hakika mapaa hayo yaliyamwaga maji haraka kuliko sakafu yoyote ya chokaa. Lakini nyumba za Mji wa Kale zimebanana, na maji yanayomwagwa haraka huhitaji mahali pa kwenda: michirizi ya bati kati ya paa na paa iliposhika kutu, mvua iliyokuwa ikitawanywa na milizamu kadhaa ilishuka kwa mkondo mmoja kwenye ukuta wa jirani.

Badiliko la pili lilikuwa maji ya bomba. Bomba refu kutoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo, lilipoanza kuifikisha Mombasa maji katika miaka ya 1950, nyumba zilizojengwa kwa matumizi ya ndoo na kata ziliingiziwa mifereji, matangi ya juu na vyoo vya kuvuta. Mabomba yalichimbiwa ndani ya kuta za chokaa, na tone la kiungo kilicholegea, ambalo katika ukuta wa saruji lingeonekana mapema, lilinywewa kimyakimya na jiwe kwa miezi mingi.

Badiliko la tatu ndilo lililoleta madhara makubwa zaidi. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini ya kisiwa, kilianza uzalishaji mwaka 1954, tena kwa kutumia jiwe lilelile la matumbawe, na saruji ikawa rahisi kupatikana kuliko chokaa iliyoiva. Mhenga aliyesema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta hakueleza ufa uzibwe kwa nini, na mafundi wakaziba kwa kilichokuwepo. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na haina vitundu vya kutosha kupitisha mvuke. Ikipakwa kwenye sehemu ya chini ya ukuta, maji yanayopanda hukosa pa kutokea, yakapanda juu zaidi, nayo chumvi ikagandia nyuma ya lipu, ndani ya jiwe lenyewe. Baada ya miaka michache lipu hubanduka kwa vipande vikubwa ikiwa imeshikana na uso wa ukuta, na fundi akiiona huongeza saruji nyingine. Rangi za mafuta na za plastiki hufanya vivyo hivyo kwa kiasi kidogo, na alama yake ni malengelenge na koga, yaani ukungu mweusi unaoota panapokosa hewa.

Kanuni za uhifadhi ziliifuata hali hiyo kwa kuchelewa. Ngome ya Yesu, iliyokuwa gereza tangu 1895, ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya kitaifa mwaka 1958, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Mtaa wenyewe uliandaliwa mpango wa uhifadhi na Makumbusho ya Taifa ya Kenya mwaka 1990. Mafundi wa uhifadhi hufuata utaratibu unaoanza na chanzo cha maji kabla ya kugusa ukuta: paa, mchirizi na bomba hutengenezwa kwanza, kisha saruji hubanduliwa na ukuta ukaachwa wazi upite msimu mzima wa kaskazi ukauke polepole, kwani kuukausha kwa haraka huweza kuzidisha uharibifu wa chumvi, chumvi hufagiliwa ikiwa kavu wala haioshwi, maana maji huiyeyusha na kuirudisha ndani, boriti zilizooza ncha hubadilishwa, na mwisho lipu ya chokaa hurudishwa kwa matabaka membamba.

Utaratibu huo ni rahisi kuueleza kuliko kuutekeleza. Boriti zimekuwa adimu, na serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, biashara ya mikoko ya Lamu nayo iliguswa. Nyumba nyingi ni za warithi wengi au za wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya dini au ukoo isiyouzwa wala kugawanywa, na wapangaji wanaoishi ndani hawana mamlaka ya kuivua dari. Wakati huohuo mvua kubwa kama zile za El Niño za 1997 na za 2023 huleta kwa siku chache maji ambayo milizamu ya kale haikupimiwa. Hata hivyo historia ya mtaa huu haionyeshi kwamba nyumba ya matumbawe ni dhaifu mbele ya maji. Inaonyesha kwamba ilijengwa ikihesabu ndani yake kazi ya kila mwaka ya watu, kuzibua mlizamu kabla ya masika na kupaka chokaa baada yake, na kwamba kazi hiyo ilipokoma, hakuna kifaa cha kiwandani kilichoweza kushika nafasi yake.