Dawa Iliyokataa Moto

Sisi tuishio na malaria twajua jinsi homa hiyo inavyomlaza mtu mzima na kumnyang'anya mama mtoto wake. Leo tuangalie jinsi dawa yake moja ilivyopatikana.

Mwezi wa Mei 1967 serikali ya China ilianzisha kazi ya siri, iliyoitwa 523, ya kutafuta dawa mpya, kwani klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa na vijidudu vya malaria. Mwaka 1969 mama mmoja, Tu Youyou, aliwekwa kuongoza kikundi cha watafiti mjini Beijing. Walipekua vitabu vya kale na kuwauliza waganga wazee, wakakusanya maelezo ya dawa zaidi ya 2,000. Mmea mmoja wa jamii ya pakanga, uitwao qinghao, ulionyesha nguvu. Walipoujaribu tena, nguvu hazikuonekana.

Je, wazee walidanganya? La! Tu Youyou alikisoma tena kitabu cha Ge Hong, mganga wa karne ya 4. Akaona kwamba mganga huyo hakuagiza mmea uchemshwe, bali uloweshwe majini, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Ndipo alipofahamu: huenda moto ndio ulioharibu dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa digrii 35 tu. Oktoba 1971 dawa yake iliwaponya panya wote waliojaribiwa. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa kwanza wenyewe, ndipo wakawapa wagonjwa 21 katika kisiwa cha Hainan, nao wakapata nafuu.

Dawa hiyo ni artemisinini. Mwaka 2004 Kenya iliamua kwamba dawa ya mchanganyiko itokanayo nayo iwe tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali. Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel.

Twajifunza nini? Penye wazee haliharibiki neno. Lakini neno lao lataka sikio makini, tena lataka kupimwa. Tusiwacheke wazee wetu. Wala tusichemshe majani nyumbani tukaiacha zahanati, maana kipimo chake hatukijui, na dawa pungufu huwafundisha vijidudu ukaidi. Tumalize dozi yote tuliyopewa.

Na aliye na mzee ajuaye miti, amwulize angali hai, aandike jibu lake lote, asiache hata neno dogo. Huenda uzima umo katika neno hilo.