Mvinyo, divai ama waini? Safari ya neno moja hadi Kangeta

Desemba iliyopita nilialikwa Kangeta, njia ya kwenda Maua, katika shughuli ya kupeleka mahari ya binti wa jamaa yangu. Wazee tuliketi upande wetu na kibuyu cha pombe ya asali. Vijana waliotoka Nairobi walikuja na boksi la kinywaji chekundu lenye bomba dogo chini yake. Mpwa wangu akanimiminia kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ili meza nzima isikie: "Mjomba, wewe ni mwalimu wa Kiswahili. Hii tuiite mvinyo, divai ama waini?"

Kabla sijajibu, mzee mmoja aliyekuwa jirani yangu alionja, akakunja uso, akasema: "Ina ukakasi." Vijana wakacheka. Walidhani mzee hajui kitu. Mimi sikucheka, kwa kuwa katika neno lile moja alikuwa amesema jambo ambalo waonjaji wa Ulaya hulipwa kulisema. Nitalirudia. Kwanza nilipe deni la mpwa wangu.

Tuanze na mvinyo. Wataalamu wengi wa lugha wanakubaliana kwamba neno hili limetokana na Kireno, vinho. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498. Mnamo 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, na wakaikalia hadi 1698 walipong'olewa na Waomani. Katika miaka hiyo mia mbili waliacha maneno machache tu katika Kiswahili, lakini tazama ni maneno gani: meza, kopo, pipa, mvinyo. Ukiyaweka pamoja unapata picha kamili ya mabaharia wamekaa chini kunywa. Lugha hukopa kile inachokiona jirani akikifanya kila siku.

Wenyeji wa pwani hawakuwa wageni wa ulevi. Walikuwa na tembo la mnazi, na mgema alikuwa mtu wa kazi yake anayeheshimika na kushukiwa kwa pamoja. Ndiyo maana tuna methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walichokosa ni zabibu mbichi. Hata neno zabibu lenyewe linasimulia: kwa Kiarabu zabib ni tunda lililokaushwa, na bichi huitwa inab. Sisi tulichukua jina la lile kavu tukalipa tunda zima. Naamini sababu ni kwamba tunda hilo lilitufikia likiwa limekauka, ndani ya majahazi ya kaskazi. Tunda bichi lisingevumilia safari.

Kwa hiyo mvinyo ulipofika, ulifika kama kitu cha pipa, kikali, cha mgeni. Katika kamusi za zamani neno hili halikubaki kwenye maji ya zabibu pekee. Lilibeba pia maana ya kileo kikali cha aina yoyote. Angalia pia sarufi yake. Kireno kilisema vinho, Mswahili akaliongezea m- mbele, likaingia katika ngeli ya mti na mkate. Ndiyo sababu tunasema mvinyo mwekundu, mvinyo umechacha. Neno la mgeni lilivishwa kanzu ya nyumbani.

Divai ilipitia mlango mwingine. Asili yake ni Kifaransa, du vin, yaani "mvinyo kiasi". Mfaransa akiomba kinywaji mezani hutanguliza du, na msikilizaji akachukua vyote viwili kama neno moja. Wamalagasi nao wamefanya vivyo hivyo, wanasema divay. Mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walifika Zanzibar mnamo 1863, wakafungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Padre hawezi kuadhimisha misa bila kinywaji hicho. Basi kama neno la kwanza lilishuka na mabaharia, hili la pili lilipanda altareni. Hili haliitaji m- wala mi-: divai nyekundu, divai imechacha.

Matokeo yake yanaonekana hata katika Biblia. Kigiriki cha Agano Jipya kina neno moja, oinos. Lakini fungua Biblia ya Muungano ya 1952. Pale arusini Kana, maji yanageuka kuwa divai. Paulo anapowaonya Waefeso wasilewe, kinachotajwa ni mvinyo. Sisemi watafsiri walipanga hivyo kwa makusudi, kwani huyo huyo Paulo anamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Ninachosema ni kwamba msomaji wa kawaida amebaki na hisia kwamba divai ni ya harusi na ibada, na mvinyo ni wa walevi. Kumbe kinywaji ni kile kile!

Huku kwetu Meru mambo yalichanganyika zaidi. Wamisionari Wakatoliki wa Consolata, Waitaliano, walikuja na divai yenye kileo. Wamethodisti, waliotujengea hospitali ya Maua, walikuja na msimamo mkali dhidi ya pombe. Na ni Mmethodisti wa Marekani, Thomas Bramwell Welch, ambaye mwaka 1869 alichemsha maji ya zabibu ili yasichache, kusudi kanisa lake lipate kinywaji cha Meza ya Bwana kisicholevya. Kwa hiyo katika mji mmoja, Jumapili moja, neno divai lingeweza kuwa na kileo katika kanisa hili na kuwa sharubati katika kanisa lile. Mtoto akikulia hapo, hana budi kuchanganyikiwa.

Na waini? Hilo ni la Kiingereza, la dukani na la mtaani. Tulilipata kwa wingi baada ya uhuru. Mwaka 1969 serikali iliunda Kenya Wine Agencies, KWAL, kuagiza na kusambaza vinywaji hivi. Kampuni hiyo baadaye ilitengeneza vya kwake, vikiwemo vya matunda. Naivasha nako kukapandwa mizabibu, na mojawapo ya mvinyo wa huko ikaitwa Leleshwa, jina la kichaka chenye majani ya kijivu ambacho Wamaasai wanakijua vizuri. Jirani zetu wa Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Mfaransa hawezi. Shehena kubwa, hata hivyo, hutoka Afrika Kusini, ambako mvinyo wa kwanza wa Cape ulikamuliwa mnamo Februari 2, 1659.

Jibu langu kwa mpwa wangu basi ni hili: yote matatu ni sahihi. Mvinyo ni wa Mreno, divai ni ya padre Mfaransa, waini ni ya Mwingereza na duka lake. Chagua, lakini ujue unachagua historia ya nani.

Sasa nirudi kwa mzee na ukakasi wake. Vijana wengi huogopa kununua mvinyo kwa sababu ya lugha iliyoandikwa mgongoni mwa chupa. Wanadhani ni elimu ya matajiri. Lakini hebu tuhesabu tulicho nacho. Ule ukavu unaoshika fizi kama umetafuna ndizi mbichi ni ukakasi. Unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, ndiyo maana uko zaidi katika mvinyo mwekundu. Ule unaotoa mate pembeni mwa ulimi kama ndimu ni uchachu. Joto linaloteremka kooni ni kileo. Takataka za chini ni mashapo. Ukichacha kupita kiasi unakuwa siki. Hakuna hata neno moja hapo tulilohitaji kuagiza ng'ambo.

Tena watu wa Igembe wana somo jingine ambalo Wazungu walihitaji sheria kulijifunza. Mreno aliweka mipaka ya bonde la Douro mwaka 1756 ili si kila mtu auze kinywaji chake kwa jina la Porto. Mfaransa alipanga utaratibu wake wa majina ya mahali mwaka 1935. Sisi tuna miraa inayoitwa kangeta, kwa jina la soko hili hili. Mnunuzi anajua tofauti ya kangeta na giza, anajua kama kimetoka kwenye mbaine, ile miti mikongwe ya mababu, na hadanganywi kwa karatasi ya kufungia. Mtu mwenye macho hayo anashindwaje kuchagua mvinyo wa bei nafuu? Ajaribu huu wiki hii na ule mwezi ujao, alinganishe, akumbuke. Boksi nalo lisimtishe. Mfuko ulio ndani ya boksi ulibuniwa Australia mwaka 1965, na kwa kuwa hauingizi hewa, kinywaji hukaa wiki kadhaa bila kuharibika. Chupa iliyofunguliwa haifikishi hata moja.

Lakini jambo lililonikosesha usingizi usiku ule si boksi. Ni kibuyu. Pombe ya asali hutengenezwa kwa asali, maji na tunda la mwegea lililokaushwa, ambalo hubeba chachu kutoka pishi moja hadi jingine. Sukari ya asali hugeuka kileo kama sukari ya zabibu inavyogeuka. Kikemia ni ndugu. Hata hivyo Mwingereza alipofika, chake alikiita wine na chetu akakiita pombe ya wenyeji, na kila kimoja akakitungia sheria yake. Tulirithi mgawanyo huo. Kilicho katika chupa kina heshima hata kikiwa kibovu. Kilicho katika kibuyu kinashukiwa hata kikiwa safi.

Heshima hiyo ya chupa imetugharimu. Mei 2014, Embu na Kiambu, watu wengi walikufa na wengine wakapofuka baada ya kunywa kileo chenye methanoli. Walikuwa watu wa kipato cha chini wakitafuta kitu cha bei yao. Nasema lugha ina sehemu yake hapa. Tulipoacha kuuliza kinywaji kimetokana na nini, tukabaki kuuliza kinaitwaje na ni pesa ngapi, tulimfungulia muuza sumu mlango. Wazee wetu walimjua aliyepika, nyuki wa mzinga upi, siku ngapi. Leo mnywaji wa kawaida anapaswa angalau kusoma asilimia ya kileo, atazame alama ya ubora na stempu ya ushuru, na anuse kabla ya kumeza. Asiyekunywa kabisa, hajapoteza kitu. Anayekunywa, ajue anachokunywa.

Mpwa wangu alinisikiliza, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alimpelekea yule mzee kikombe cha pili akamwuliza, safari hii bila kicheko: "Mzee, huu nao una nini?" Mzee akaonja polepole. "Huu una uchachu," akasema. "Wa kwanza ulikuwa unashika kinywa. Huu unakiamsha." Kijana akaomba naye aonjeshwe cha kibuyu.