Kadi ya MB 8 iliyonifunza kompyuta

Wengi huniuliza nilianzia wapi kompyuta. Jibu la kweli ni kibanda cha gemu hapa Kakamega.

Mwanzo tulicheza mashine za kaseti, nakala za Famicom ambayo Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983. Famicom ilikuwa na RAM ya KB 2 tu! (Picha moja ya simu yako huishinda zaidi ya mara elfu.) Gemu zake nyingi hazikuhifadhi chochote, ukizima, unaanza upya.

Kisha ikaja PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000. Ulihitaji mashine, runinga, padi, diski, na kadi ya kumbukumbu ya MB 8 iliyouzwa kando. Mwenye kibanda hakuwa nayo. Nilikuwa nimefika nusu ya ligi, kwa pesa zangu za wiki nzima, mvua ya alasiri ikaja, stima ikapotea. Ligi yote kwisha. Nililia, sifichi. Kaka aliyesimamia kibanda akanieleza: RAM hushika vitu stima ikiwepo tu, kadi hushika hata mashine ikizimwa. Tukachanga, tukanunua kadi.

Mwaka 2003 Green na Bavelier walionyesha katika jarida la Nature kwamba gemu za kasi hunoa umakini wa macho. Mama hangeshawishika, alama zangu za hesabu zilikuwa zimeshuka, na alikuwa na haki. Lakini hadi leo kila programu ninayoandika huhifadhi kazi yenyewe, hata kabla mteja hajaomba.